Olorgesailie: bucha kongwe ya barabara ya Magadi

Nina miaka 19 nikiuza nyama Kiserian. Muda wote huo malori ya magadi yamekuwa yakipanda kutoka bondeni na kupita mbele ya mlango wangu, na karibu kila Jumamosi husimama gari la watu wa Nairobi, watoto wamejazana nyuma, baba anateremka kuuliza bei ya paja la mbuzi. Ukimuuliza anaelekea wapi, mara nyingi atasema Magadi. Wachache husema Olorgesailie. Nilikuwa nawapimia nyama na kuwatakia safari njema, nikidhani hilo ni jina la hoteli, kumbe ni mahali palipofukuliwa mawe na mifupa ya kale.

Agosti hii binti yangu, aliye gredi ya nane, alikuja na kazi ya likizo: atembelee mahali pa historia katika kaunti yake, aandike alichokiona. Kaunti yetu ni Kajiado. Nikampigia simu mtu wa kampuni moja ya utalii mjini, ambayo sitaitaja. Bei aliyonipa ingeninunulia mabeberu watatu, tena wa kushiba. Nikamwambia asante. Shemeji yangu ana Probox. Tukaweka mafuta, tukabeba chapati, mayai ya kuchemsha na chupa nne za maji za nusu lita. Hayo maji nitayarudia.

Kutoka Nairobi ni kilomita 70 hivi. Sisi wa Kiserian tunaanzia katikati, kwa hiyo saa moja inatosha. Ukipita Corner Baridi, Bonde la Ufa linafunguka lote chini yako, masikio yanaziba, sweta inaanza kukuwasha. Tulipofika Oltepesi madirisha yote manne yalikuwa wazi na binti amejifunga leso kichwani kwa ajili ya vumbi. Mbele yetu ukasimama mlima Olorgesailie, volkano iliyozimika zamani. Kumbe mlima huu ndio uliokuwa duka la visu.

Mahali penyewe pako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kiingilio cha mwananchi mtu mzima hakikufika bei ya kilo ya nyama. Tukapewa mwongozaji, kijana wa Kimaasai mwenye kofia pana na fimbo, mtu wa maneno machache hadi umuulize swali zuri. Nakushauri usizunguke bila mwongozaji. Peke yako utaona udongo mweupe na mawe, utarudi garini ukisema umeibiwa.

Udongo huo mweupe kwanza. Binti alidhani ni chokaa. Kijana akamwambia auokote kidogo ausugue kati ya vidole: laini kama unga wa sembe, mwepesi hauna uzito. Ni mabaki ya mwani mdogo usioonekana kwa macho, uliokuwa ukiishi ndani ya maji na kuzama chini ulipokufa. Yaani pale tuliposimama, kwenye joto la kupasua midomo, palikuwa ziwa. Ziwa lilijaa, likakauka, likajaa tena, na katikati volkano zikimwaga majivu juu ya kila kitu. Majivu hayo ndiyo kalenda yao: wataalamu huyapima na kujua kila tabaka lina umri gani. Matabaka ya chini yana miaka milioni moja na laki mbili hivi.

Tuje kwenye nyama, maana ndiyo iliyonipeleka mbali.

Makumbusho ni madogo. Mtu wa haraka atayamaliza kabla chai haijapoa. Mimi nilikwama mbele ya mfupa mmoja. Ni mfupa wa mguu wa tembo wa kale, aina ambayo haipo tena duniani, wameuweka pamoja na wa tembo wa siku hizi ili uone tofauti. Nimekata viungo vya ng'ombe tangu nikiwa kijana wa kufagia bucha ya mjomba. Nikiona mfupa najua kisu kingeingilia wapi, na najua pale ambapo kisu kitagonga mfupa bure. Sasa mbele ya ule wa kale nilijikuta natafuta pa kuanzia, mkono wenyewe unacheza hewani, hadi shemeji akaniuliza kama najisikia vizuri.

Wataalamu humwita Elephas recki. Alikuwa mkubwa kuliko hawa wa Amboseli. Meno yake yalikuwa ya kusaga nyasi. Mmoja wao alifia hapa Olorgesailie yapata miaka 990,000 iliyopita, na kuzunguka mifupa yake walifukua vipande vya mawe zaidi ya elfu mbili. Kijana alipotaja idadi hiyo nilimkatiza.

"Elfu mbili kwa mnyama mmoja?"

"Ndiyo, mzee. Vingi ni vidogo vidogo, vyembamba, vya kukatia."

"Waliokata walikuwa wangapi?"

Akacheka. "Hilo hatujui, mzee. Wewe ungehitaji wangapi?"

Nikapiga hesabu palepale. Ng'ombe mzuri wa huku hunipa kilo 150 za nyama, na watu wawili tunammaliza asubuhi, tukiwa na shoka, msumeno na kamba ya kumtundika. Tembo humtundiki. Unamchinjia alipoangukia, ubavu wa juu kwanza, halafu mkutane ukoo mzima kumgeuza, kama anageuzika. Hakuna friji. Kuna jua, kuna nzi, kuna fisi wanaosubiri zamu. Ningehitaji watu ishirini wanaojua kazi na wengine ishirini wa kubeba na kufukuza. Na hapo bado sijasema visu.

Visu vyenyewe ndivyo vimetapakaa nje. Unapita juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa, na chini yake, ardhini, mawe yameachwa pale pale yalipofukuliwa. Ni mamia ya mashoka ya mkono, yaliyochongwa pande zote mbili, mapana chini na membamba juu, umbo la chozi. Sikutegemea yangekuwa mengi hivyo. Yamelala kama mtu amemwaga gunia la viazi na kuondoka. Watafiti wa mambo ya kale Mary Leakey na mumewe Louis ndio walioyakuta hapa, Pasaka ya mwaka 1942, wakitembea kila mmoja upande wake. Ni miaka ya vita, na kazi ya kufukua ilisaidiwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano. Mwaka 1947 watu wakaanza kuja kutazama. Baada yao alikuja mtafiti mwingine, Glynn Isaac, miaka ya sitini, na tangu 1985 Rick Potts na wenzake wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, wamekuwa wakirudi, wakishirikiana na makumbusho yetu.

Kijana aliniruhusu kushika shoka moja kati ya machache yaliyotengwa kwa kushikwa. Limechongwa kwa jiwe la volkano kutoka mlima uleule tuliouona barabarani. Lina uzito wa mizani ya kilo moja hivi, na kiganja kinajua chenyewe mahali pa kukaa. Makali yamechoka, lakini ukipitisha kidole unasikia palipokuwa na kazi. Nilipouliza mtindo huu ulidumu muda gani, akasema zaidi ya miaka 700,000. Umbo moja! Mimi nimebadilisha mashine ya kusagia nyama mara tatu tangu nifungue duka.

Kuna kona ya nyani ambayo binti aliipenda na mimi iliniudhi kidogo. Ni nyani wakubwa wa zamani, Theropithecus oswaldi, jamaa wa wale gelada wanaokula nyasi kwenye milima ya Ethiopia. Mifupa ya makumi yao ilikutwa mahali pamoja, watoto kwa wazazi, imevunjwavunjwa, katikati ya mashoka mengi. Isaac aliona kuna mkono wa mtu hapo. Wengine baadaye wakabisha: huenda maji yaliikusanya mifupa na mawe pamoja. Shemeji, ambaye hajawahi kushika kisu zaidi ya cha kukatia mkate, akatoa hukumu kwamba nyani hawaliki. Nikamwambia mifupa ikivunjwa katikati namna ile, kabla haijakauka, mara nyingi mtu alitaka uboho. Lakini hata fisi hutaka uboho. Nilitazama vile vipande kwa muda mrefu na sikuweza kuapa kwa upande wowote.

Kiboko wa enzi hizo alikuwa na macho yaliyotokeza juu ya kichwa kama ya chura, na punda milia alikuwa mkubwa kuliko hawa tunaowajua. Tulipita haraka, chupa ya tatu ya maji ilikuwa imekwisha.

Binti ndiye aliyeuliza swali bora la siku. "Na wao wenyewe wako wapi? Mifupa ya watu?"

Kijana alitulia kabla ya kujibu, kama anayeulizwa habari za jirani aliyehama. Watafiti walifukua hapa miaka zaidi ya sitini bila kumwona mtu hata mmoja. Mwaka 2003 ndipo vilipopatikana vipande vya fuvu la mtu mzima mdogo wa umbo, wa miaka laki tisa hivi iliyopita. Ndiyo hayo tu. Maelfu kwa maelfu ya visu, na mchinjaji tunamjua kwa vipande vya paji la uso. Binti aliandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari.

Sasa mambo yaliyoniingia zaidi, na ambayo sikuyatarajia kwenye safari ya kazi ya likizo. Nilimuuliza kijana hao wanyama wakubwa waliishia wapi. Walikwisha kuliwa? Akasema hapana, si hivyo inavyoonekana. Mwaka 2012 watafiti walitoboa ardhi kwenye uwanda wa Koora, si mbali na pale, wakatoa nguzo ya udongo ya mita 139 yenye habari za miaka milioni moja. Humo wanasoma mvua, ziwa na majani. Kwa muda mrefu mambo yalikuwa na utulivu. Halafu, yapata miaka laki nne iliyopita, ardhi ikaanza kupasuka na kutitia, mabonde yakagawanyika, maji yakawa ya kubahatisha: leo yapo, kesho hayapo. Nyasi zikafuata maji. Kufikia miaka 320,000 iliyopita, asilimia 85 hivi ya aina za wanyama wanyonyeshao wa pale walikuwa wamebadilika. Wale wakubwa wala nyasi walitoweka, nafasi yao ikachukuliwa na ndugu zao wadogo zaidi, wasiochagua chakula.

Sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Mwaka 2022, mwaka wa ukame, nilikuwa nanunua ng'ombe Kajiado hii hii. Walikuwa wakiletwa sokoni wameshikiliwa ubavuni na watu wawili wasianguke, na mwenye ng'ombe hakukuangalia usoni wakati wa kupatana bei. Wengine waliachwa kando ya barabara ya Magadi. Mbuzi je? Mbuzi walikonda, lakini wengi walibaki, kwa sababu mbuzi akikosa nyasi hupanda juu ya mti wa miiba na kula majani, akikosa majani hula maganda, akikosa maganda hula katoni nyuma ya duka langu. Nilimsimulia kijana hayo. Akasema baba yake alikuwa na ng'ombe sitini, akabaki na saba, na mbuzi hawakupungua hata nusu. Tulisimama kidogo bila kusema kitu, shemeji akitafuta kivuli.

Waliokuja baada ya mabadiliko hayo walikuwa na visu vya namna nyingine. Mashoka makubwa yametoweka, vimekuja vipande vidogo vilivyochongwa kwa uangalifu, na vingine ni vya kioo cheusi cha volkano ambacho hakipatikani pale. Kilitolewa mbali, kingine hadi kilomita 95. Walikuwa pia na mawe ya rangi, nyekundu na nyeusi. Nilielewa. Kisu changu ninachokipenda kimetengenezwa Brazil.

Nikirudi nyumbani nilikuwa na deni na ile hesabu ya elfu mbili. Usichukue jiwe Olorgesailie, hata kokoto; sheria inakataza, na hata isingekataza ni aibu. Mimi nilichukua jiwe jeusi kwenye rundo la kokoto za jirani anayejenga. Nikakaa nyuma ya duka jioni, nikaligonga kwa jiwe lingine. Mara tano za kwanza nilipata unga na kidole gumba kilichovimba. Mara ya sita ukaruka ubapa mdogo kama sarafu ya shilingi ishirini, mwembamba upande mmoja. Nikachukua mguu wa mbuzi ambao haujachunwa. (Afisa wa afya asinifuate: mguu ule tuliula nyumbani, haukufika kaunta.)

Ngozi ilifunguka kama bahasha. Sikudhani. Nilichora mstari mmoja kutoka goti hadi kwato, nikachuna, nikafika kwenye kiungo, nikatafuta kano kwa ncha ya kidole na kuikata bila kutumia nguvu. Tatizo ni mafuta. Kipande hakina mpini; mafuta yakishaingia vidoleni kinateleza kama samaki, na makali hayo hayabagui nyama ya mbuzi na kiganja chako. Nina alama hadi leo. Tatizo la pili ndilo lililonijibu: kabla sijamaliza ule mguu mmoja, ubapa ulikuwa butu. Haunoleki. Unautupa na kugonga mwingine. Mguu mmoja wa mbuzi, vipande vitatu. Sasa tandaza tembo chini, uniambie elfu mbili ni nyingi. Tunasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama; wale jamaa walilazimika kupata kisu kipya kila dakika kadhaa ndipo wale, na kila kilichotupwa bado kiko pale pale.

Kwa atakayekwenda. Fika mapema, saa tatu asubuhi ikiwezekana, na ukifika saa sita utaona mimi nilichoona, yaani nyota mchana. Maji: lita mbili kwa kila mtu, si chupa nne za nusu lita kwa watu watatu kama tulivyofanya sisi wajuaji. Tulirudi Oltepesi midomo imepasuka, tukanunua soda tatu kila mmoja bila kuuliza bei. Vaa viatu vya kufunika vidole kwa sababu ya miiba. Chakula beba mwenyewe. Kuna vibanda vya kulala na mahali pa kupiga hema. Hatukulala, lakini wapenda ndege tuliowakuta walikuwa wamelala pale na walikuwa na furaha ya kupita kiasi kwa watu walioamka saa kumi na moja. Ukiwa na mtoto, mwache aulize maswali yake kabla ya yako. Na mpe mwongozaji kitu cha mkononi, amekufanyia kazi kwenye jua hilo.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimelinyima jua.

Ule ubapa wa tatu, ambao haukuisha makali kabisa, nimeuweka kwenye kaunta kando ya mizani. Juzi mteja wa siku nyingi, mama wa mboga wa ng'ambo ya barabara, aliuokota akauliza ni wa nini. Nikamkatia nao kipande cha maini, akajaribu mwenyewe cha pili, akanirudishia na kuniambia nifute damu, kisha nimpimie nusu kilo kwa kisu cha kawaida, ana haraka.